Mtunza uwanja wa gofu naye aachwe ashindane

Mhariri,

Nimetunza uwanja wa gofu hapa Pwani kwa miaka 29. Nilianza kwa kusukuma toroli la mchanga, nikamaliza nikiwa msimamizi wa zamu ya alfajiri, yule anayepanga nani akate nyasi wapi na nani atoboe mashimo. Sasa nimestaafu, nakaa Likoni, na sidai chochote kwa mtu. Naandika kwa ajili ya kijana mmoja niliyemfundisha kazi hii kwa mikono yangu. Mwezi uliopita alishinda mashindano ya Jumamosi katika klabu anakofanya kazi, kisha akanyimwa zawadi. Klabu hiyo sitaitaja, kwa sababu bado nina imani itajirekebisha yenyewe, na kwa sababu mzozo kama huu nimeusikia katika klabu zaidi ya moja.

Kisa kilikuwa hivi. Mwaka jana klabu iliwafungulia mlango wafanyakazi wa uwanja. Mwenye handikapu halali, yaani namba ya mipigo anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake, aingie mashindano ya kila mwezi pamoja na wanachama, na ada ya kuingia alipe sawa na wao. Kijana wetu ana handikapu ya 11. Alicheza mashindano manne na hakuna aliyemsema, kwa kuwa hakushinda hata moja. Ya tano akarudi na mipigo 79, ukitoa 11 inabaki 68, na kwa kuwa kwenye gofu mipigo michache ndiyo bora, akampita wa pili kwa mpigo mmoja. Zawadi ilikuwa feni ya kusimama, na kwa joto letu la kaskazi hiyo ni zawadi ya maana nyumbani kwa mtu. Kabla hajaitwa jina, bwana mmoja akainuka akauliza, "Leo asubuhi mashimo yametobolewa na nani?" Kijana akajibu kweli: "Mimi, yale tisa ya kwanza." Ukumbi ukanyamaza. Kapteni akasema zawadi isubiri kamati ikae. Jumanne karatasi ikabandikwa kwenye ubao: wafanyakazi wa uwanja hawataingia mashindano ya wanachama hadi taarifa nyingine.

Swali la yule bwana ni la haki, nami sitalipuuza. Anataka kujua kama mtu aliyeweka shimo mahali fulani alfajiri anaweza kushindana kwa haki na mtu aliyelikuta hapo mchana. Lakini wengi wanaouliza hawajawahi kuiona kazi yenyewe ikifanywa, wanaikuta bendera imesimama tu. Basi niieleze: shimo la jana huzibwa, na la leo hutobolewa mahali pengine.

Anayetoboa anafika saa kumi na moja, giza bado, kunguru ndiyo kwanza wanaanza kelele zao mikorosini. Kwanza anapangusa umande kwa mwanzi mrefu anaoupitisha juu ya nyasi, mara kushoto mara kulia, mpaka grini, ile nyasi fupi yenye shimo, ibadilike rangi. Halafu anaizunguka kwa miguu akitafuta mahali ambapo nyasi haijachoka kukanyagwa. Akipapata anasimamisha chuma cha kutobolea, ambacho ni bomba lenye makali chini na mpini wa kushikwa kwa mikono miwili juu, analizungusha huku analikandamiza. Taratibu, kwa kuwa hapa kwetu chini hakuna udongo wa bara. Ni mchanga, na chini ya mchanga ni jiwe la tumbawe, ukienda kwa pupa unaharibu makali. Anatoa donge zima, nyasi juu, mizizi inaning'inia chini kama ndevu. Shimo linalobaki lina upana wa milimita 108, na ni kipimo hichohicho ukienda Nyali, Nairobi au Scotland. Anachomoa kikombe kwenye shimo la jana, anakitia katika la leo, anakididimiza mpaka mdomo wake ukae chini ya uso wa grini kwa milimita 25 au zaidi.

Lile donge sasa analipeleka kuziba shimo la jana, na hapo ndipo unapomjua fundi. Likibaki juu hata kwa unene wa sarafu, mashine ya kukata italikwangua na kuacha duara la kahawia linaloonekana kwa siku nyingi. Likizama, unapata kidimbwi. Analikanyaga kwa kisigino, analipapasa kwa kiganja, anaongeza mchanga au anapunguza, anamwagia maji, anahamia grini ya pili. Mara tisa, au mara kumi na nane. Jua linapochomoza shati limeshalowa.

Je, mtu huyo anajua kitu ambacho mwanachama hajui? Ndiyo, na mtunza uwanja atakayesema hajui atakuwa anadanganya. Anajua shimo liko mbele au nyuma ya grini. Anajua grini gani imenyweshwa sana usiku na gani imekauka. Anajua nyasi ya Bermuda imelalia upande gani, maana ukiusukuma mpira kinyume cha ulalo wake unakwenda mzito, na ukifuata ulalo unateleza. Haya yote anayo kichwani.

Lakini na wanachama nao wanayajua, na namna wanavyoyajua hakuna anayeitaja kwenye mikutano. Miaka yote niliyofanya kazi, Jumamosi haikupita bila mwanachama kushusha kioo cha gari pale maegesho na kuniuliza, "Mzee, leo la tisa liko wapi?" Nami nilikuwa nikimwambia. Liko nyuma, upande wa kulia, usipite bendera maana utateremka. Mwingine atauliza kama banka la sita, lile bonde la mchanga, lina mchanga mpya. Mwingine atataka kujua kama grini zimepitishwa rola. Niliwajibu wote, mkubwa na mdogo, kwa sababu ndiyo adabu ya kazi, na sikuona kosa wala sikuambiwa ni kosa. Ikiwa taarifa ile ni haramu kwa aliyeshika chuma, ilikuwaje halali kwa aliyeulizia garini?

Kisha kuna kamati ya uwanja. Katika klabu nyingi kamati hii ndiyo inayoamua mpango wa mashimo kabla ya mashindano makubwa, matii, yaani pale pa kupigia mpira wa kwanza, yasogezwe mbele au nyuma, nyasi ya pembeni iachwe ndefu kiasi gani. Wajumbe wake ni wanachama, nao hucheza siku hiyohiyo. Nimetembea na mwenyekiti wa kamati Ijumaa jioni grini baada ya grini, ananionyesha kwa ncha ya kiatu chake, hapa, hapa na hapa, na kesho yake nikaliona jina lake kwenye orodha ya washindi. Hakuna aliyesimama ukumbini, na kwa kweli hakukuwa na sababu ya kusimama, kwa kuwa alicheza vizuri. Namtaja kwa heshima zote. Ninachoomba ni kwamba kipimo alichopimiwa yeye ndicho apimiwe na kijana wetu.

Tena kujua shimo lilipo hakukusaidii mkono. Siku ile ile ya ushindi wake, kijana alifika grini ya saba, aliyoitoboa mwenyewe kabla ya saa kumi na mbili, mpira ukakaa kama hatua nane kutoka kwenye shimo. Alilijua lile eneo kama anavyojua kizingiti cha mlango wake. Akapiga mitatu ndipo ukaingia. Kedi wake, yule mbeba fimbo, ndiye aliyenihadithia, na kadi ya mipigo inaonyesha.

Kuna jambo la handikapu pia, ambalo wenye malalamiko nadhani hawakulifikiria. Tangu mwaka 2020 dunia nzima inafuata mfumo mmoja wa handikapu. Hesabu inachukua raundi zako 20 za karibuni, zinachaguliwa 8 zilizo bora, na wastani wa hizo ndio unaokupa namba yako. Kijana huyu raundi zake zote kachezea uwanja huohuo anaoutunza. Ikiwa kuujua kunampunguzia mipigo miwili, basi ile miwili imo tayari ndani ya 11 yake. Angekuwa mgeni wa uwanja ule pengine angepewa 13. Faida hiyo kashaikatwa kabla hajapiga mpira wa kwanza.

Wapo waliosema eti mtu anayelipwa mshahara kwenye uwanja wa gofu ni mchezaji wa kulipwa. Hilo halina msingi. Kanuni za hadhi ya mchezaji wa ridhaa, zilizofanyiwa mabadiliko mwaka 2022, zinamgusa anayecheza mashindano kama mchezaji wa kulipwa, anayefundisha gofu kwa malipo, au anayepokea zawadi kupita kiwango. Kukata nyasi hakumo. Feni haifiki popote karibu na kiwango.

Kanuni inayotuhusu kweli ni ya 5.2 katika Kanuni za Gofu. Inasema siku ya mashindano ya kuhesabu mipigo, mchezaji asifanye mazoezi uwanjani kabla ya raundi yake, na mazoezi maana yake ni kupiga mpira, au kuipima grini kwa kuviringisha mpira juu yake au kwa kuisugua. Kosa la kwanza ni mipigo miwili ya adhabu, la pili unaondolewa. Hapa naongea na watunza uwanja wenzangu. Kiganja unachopitisha juu ya donge ni kazi, na hakuna mtu wa haki atakayekiita mazoezi. Lakini ukitoa mpira mfukoni ukauviringisha kuelekea kwenye shimo ulilotoka kulitoboa, hata mara moja, hata kwa kuhakikisha tu kikombe kimekaa sawa, siku hiyo umejiweka pabaya. Nilimwonya kijana juu ya hili tangu siku ya kwanza aliyojiandikisha. Ananiambia hakuviringisha, nami namwamini, na hata yule bwana aliyeuliza hakumtuhumu kwa hilo.

Mjukuu wangu wa kike, anayesoma chuo, alipoona nimenuna siku mbili akanitafutia historia kwenye simu. Mashindano ya kwanza ya Open, yale makubwa ya gofu ya Uingereza, yalichezwa mwaka 1860 huko Prestwick, Scotland, wachezaji wanane, uwanja wa mashimo 12 uliozungukwa mara tatu kwa siku moja. Mtunza uwanja wa Prestwick alikuwa Tom Morris, na ndiye aliyeuchora uwanja wenyewe. Aliingia akacheza. Hakuna aliyemwambia akae pembeni kwa vile mashimo ni yake. Na hakushinda: Willie Park, aliyetoka Musselburgh, alimshinda kwa mipigo miwili palepale kwenye uwanja wake. Morris akaja kushinda miaka ya 1861, 1862, 1864 na 1867. Nilimwambia mjukuu wangu anisomee mara mbili. Mtu aliyekuwa akisukuma mchanga kwenye grini kama mimi, jina lake limo mara nne kwenye orodha ya mabingwa wa mashindano makubwa ya gofu yaliyo makongwe kuliko yote.

Lakini sababu yangu kubwa si historia. Ni kwamba nimeuona uwanja ukitunzwa na watu wasiocheza, na nimeuona ukitunzwa na wanaocheza.

Miaka yangu minane ya mwanzo sikuwahi kushika fimbo. Nilikuwa nikiziba shimo la jana, natazama kwa jicho, naliona limelingana na nyasi, naondoka na moyo mweupe. Halafu mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao aliniachia fimbo moja, nambari saba, na ile ya kusukumia mpira kwenye grini. Jumatatu jioni, siku ambayo wafanyakazi waliruhusiwa, nikaanza kujaribu. Juma la kwanza tu mpira wangu ulikuwa unaelekea shimoni vizuri, ukapita juu ya donge nililoliziba mwenyewe Ijumaa, ukaruka, ukaenda kando. Nilipiga magoti nikaweka shavu chini kwenye nyasi, nikatazama dhidi ya mwanga wa jua linalozama. Lile donge lilikuwa limesimama juu kama kovu. Jicho la mtu aliyesimama haliwezi kuliona. Nikainuka nikaenda kuangalia mengine, grini baada ya grini mpaka giza likaingia, na karibu yote yalikuwa hivyo. Miaka minane wanachama walikuwa wakikosa mipira kwa sababu yangu, wakidhani wamekosea wao.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tangu siku ile nilibadilisha namna ya kuziba, nikawa nakanyaga mara mbili, nasubiri maji yanywe, nakanyaga tena, kisha nalala chini nitazame. Na kila kijana aliyekuja chini yangu nilimlazimisha alale chini atazame. Huyu wa mwezi uliopita analala bila kuambiwa. Anajua maana yake kwa sababu naye ana kadi ya kujaza. Kucheza raundi ya kirafiki Jumatatu na wenzako kunafundisha, lakini si sawa na siku ambayo kila mpigo unahesabiwa na mtu mwingine anaiandika namba yako. Siku hiyo ndiyo unayasikia makosa ya uwanja wako mkononi. Banka lenye mchanga mwembamba unalitambua ukiwa ndani yake na mwenzako anasubiri. Kule Uingereza chama cha watunza viwanja, BIGGA, huandaa mashindano ya gofu ya wanachama wake wenyewe, wala sidhani wanafanya hivyo kwa kujifurahisha tu.

Sasa, mashaka ya wanachama yaondolewe vipi? Kwenye mashindano makubwa ya kulipwa kila mchezaji hupewa karatasi ya mashimo ya siku hiyo: grini fulani, hatua kadhaa kutoka mbele, hatua kadhaa kutoka ukingoni. Klabu yetu inaweza kufanya hivyo kwa kalamu na karatasi moja tu. Msimamizi anapotoboa anahesabu hatua na kuandika, na saa moja asubuhi karatasi inabandikwa tii ya kwanza, kila mtu aione, mwanachama, mgeni na mfanyakazi. Siri ikiisha, swali la nani alishika chuma nalo linaisha. Nami nisingetamani tena kuona gari linasimama maegesho kioo kikiteremshwa.

Wakitaka kwenda mbali zaidi, mfanyakazi aliyejiandikisha kucheza Jumamosi asitoboe Jumamosi. Apewe mabanka, au apewe feawei, ile nyasi ya katikati kati ya tii na grini. Nilipanga zamu kwa miaka, najua inawezekana, hata ukiwa na watu sita tu. Na kama ni mechi za mtu kwa mtu, shimo kwa shimo, hata hilo halihitajiki, maana huko kanuni yenyewe inaruhusu mazoezi uwanjani kabla ya mechi. Ila zuio lolote watakaloliweka kwa mtunza uwanja, naomba liwekwe pia kwa mjumbe wa kamati aliyeonyesha mashimo yawekwe wapi. Nikiona hivyo sitakuwa na neno.

Nilichokiona kikiniuma zaidi ni ile karatasi ya ubaoni. Haikusema aliyetoboa asicheze. Ilisema wafanyakazi wa uwanja wasicheze, wote, hata yule wa mashine ya maji ambaye hajawahi kutoboa shimo, hata mama anayeng'oa magugu kandokando ya tii na ambaye alikuwa ameanza kujifunza. Watu hawa huingia uwanjani kabla ya adhana ya alfajiri, wengine wamevuka feri na giza, na wanachama wanapofika saa mbili wanakuta kila kitu kimelainika kama mkeka uliotandikwa. Nawajua wanachama wengi wa klabu ile. Ni watu waungwana. Walinichangia nilipofiwa na mke wangu, na hilo sitalisahau. Ndiyo maana naamini wakikaa tena wataliona.

Kijana mwenyewe hajalalamika popote. Nilipompigia alisema tu, "Baba, mimi niliulizwa nikasema kweli." Anaendelea na kazi, na nilipopita juma lililopita kuwasalimu nilimkuta grini ya tatu, amelala kifudifudi, shavu kwenye nyasi, anaangalia donge.

Kadi yake imetiwa saini na mwenzake aliyecheza naye, ambaye ni mwanachama. Hakuna aliyeipinga hesabu. Feni bado imo ofisini ndani ya boksi lake. Naiomba kamati itakapokaa impe, na karatasi ile itolewe ubaoni.

Mtunza uwanja mstaafu,
Likoni, Mombasa